Jina la Kaka Kwenye Jalada

Hospitali ile ilikuwa na milango saba, lakini kila aliyepiga simu aliingilia mlango mmoja tu, nao ni sauti ya Mama Subiri. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye chumba kidogo karibu na ngazi, hedifoni kichwani, akiwaambia watu maneno yale yale, "Subiri kidogo, nakuunganisha," na jina likatokea hapo hapo. Mtoto hakuwa naye; huo umama alipewa na wauguzi ukamganda. Daktari mmoja wa mifupa alizoea kusema kwamba mama yule angeweza kumwambia mtu mguu wake unakatwa, na mtu akashukuru.

Sauti hiyo ilikuwa na mwalimu. Alikuwa kaka yake mkubwa, kifungua mimba wa nyumba yao kama yeye alivyokuwa kitinda mimba, mpiga dramu tangu ujana. Wenzake wa bendi walimwita Saa, kwa sababu hakuwahi kutangulia wala kuchelewa. Mwimbaji akipotea njiani, alisikiliza dramu za Saa akajua yuko wapi. Baba yao alipofariki, Saa ndiye aliyemchukua mdogo wake, akamsomesha, na jioni akamkalisha juu ya kreti la soda akamfundisha kuimba. "Usilikimbilie neno," alimwambia. "Liache likufikie." Mdogo wake alipotimiza miaka kumi na minane alimwingiza kwenye bendi, nyuma, upande wa waitikiaji. Huko nyuma alikaa miaka kumi na minane mingine, akiwaitikia watu waliomzidi kwa viatu tu.

Alichokipenda yeye ni muziki wa soul, ule unaovutwa polepole kutoka tumboni mpaka msikilizaji akasahau alikuwa anakwenda wapi. Bendi haikuupiga sana, kisha bendi ikasambaratika, na nyimbo alizotunga zikabaki kwenye karatasi za ujumbe za hospitali, zile zenye mstari wa "aliyepiga" na mstari wa "anayetakiwa".

Akiwa na miaka arobaini na tisa aliamua kutoa albamu yake peke yake. Mtayarishaji wa kwanza aliyemwendea alimsikiliza nusu wimbo, akamwuliza kama ana binti anayeimba. Wa pili alisema wimbo ni mzuri ila uongezwe kasi ili watu wacheze. "Wacheze vipi?" Mama Subiri alimwuliza. "Wimbo ni wa mazishi." Basi akasema liwalo na liwe, atajitayarishia mwenyewe. Akachukua likizo yake ya mwaka, akakodi studio iliyokuwa nyuma ya duka la mafundi tairi, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani na magodoro mlangoni. Kila majirani hao walipowasha mashine ya upepo, kurekodi kulisimama. Fundi mitambo alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache, chupa yake ya chai haimtoki ubavuni.

Alichagua nyimbo nane. Alipanga nani apige wapi na anyamaze wapi. Siku ya kwanza alisema besi iko mbele mno, fundi akasema mbona iko sawa, yeye akamwuliza, "Mtayarishaji hapa ni nani?" Fundi akairudisha besi nyuma bila kinyongo. Neno hilo, mtayarishaji, lilimpa raha ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Alikuwa akilisema kimoyomoyo akipika.

Kwa upande wa dramu hakuhitaji kufikiri. Kaka yake hata hakuombwa, aliarifiwa tu, naye Saa akaja siku ya miadi amevaa shati lililopigwa pasi, vijiti vyake vimefungwa kwenye kitambaa kama vyombo vya daktari. Alikuwa na miaka sitini na minne. Alikaa, akarekebisha kiti, akamwashiria kwa kichwa fundi upande wa pili wa kioo. Wakaanza.

Wimbo wa kwanza ulianza ukitembea ukamalizika ukikimbia. Mama Subiri alidhani ni kutozoea chumba. Wimbo wa pili aliangalia mkono wa kushoto wa kaka yake. Kijiti kilikuwa kikitetemeka hata pale kilipotakiwa kutulia, na ile dramu ndogo ikawa inajibu mara mbili kwa swali moja. Akakumbuka kwamba siku hizi kaka yake hunywa chai nusu kikombe, na kwamba hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Walirekodi alasiri tatu. Siku ya mwisho fundi alizima kipaza sauti cha ndani ili Saa asisikie, akasema bila kumtazama, "Mama, kuna vinavyorekebishika hapa. Si vyote."

"Tuendelee," alisema yeye.

Saa alitoka akiwa amelowa jasho, anatabasamu. "Vipi?"

"Safi sana, kaka."

"Nilikuwa nauona mkono wa kushoto mzito."

"Mimi sikusikia kitu."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya simu, ile inayowatuliza wagonjwa, na kaka yake akamwamini.

Juma zima alizisikiliza zile nyimbo mchana, peke yake, amekaa kwenye kiti cha fundi. Angemlaumu nani? Angekuwepo mtayarishaji mwingine, yeye angemwambia Saa, kaka, ni yule bwana aliyekataa, mimi nilikupigania. Hapakuwa na bwana. Siku ya saba alimwambia fundi atoe dramu zote.

"Zote?"

"Zote."

"Nizifute?"

"Ziweke mbali tu," alisema.

Fundi alimletea mpiga dramu mwanamke kutoka bendi ya polisi, Sajini, mfupi, mkakamavu, aliyekuja na sare kwa sababu alikuwa ametoka zamu. Alizisikiliza nyimbo mara moja moja, akapiga zote nane kwa alasiri mbili, na nyimbo zikasimama kama nyumba iliyopata nguzo. Mama Subiri alilia nyuma ya kioo kwa uzuri wa nyimbo hizo, kisha akaona aibu kwamba amelia. Sajini akifunga vitu vyake aliuliza, "Jina langu litakaa wapi, dada?"

"Tutaona."

"Kuna afande wangu mmoja," alisema Sajini, "husema mtu akikwambia tutaona, ujue yeye ameshaona." Akacheka, akaenda zake.

Jalada lilipochapishwa, mbele kulikuwa na picha yake na maneno, "Imetungwa, imeimbwa na kutayarishwa na Mama Subiri." Nyuma, chini ya majina ya nyimbo, kulikuwa na mstari: "Dramu: Kaka Saa." Alijiambia ni heshima. Mzee wa watu amempa kila kitu, anaogopa nini kumpa mstari mmoja? Na kaka yake kila asubuhi alipiga simu hospitali, akapita kwenye namba ile ile kama wagonjwa wengine, akauliza, "Nitasikia lini?" Naye alimwambia, "Bado fundi anasafisha sauti." Alidhamiria kumwambia ukweli Jumatatu, ikawa Ijumaa, ikawa mwisho wa mwezi. Chini kabisa ya moyo wake palikuwa na tumaini ambalo hakutaka kulitazama: kwamba pengine masikio ya kaka yake nayo yamechoka, na hatatambua.

Albamu ilizinduliwa Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa chakula wa wafanyakazi wa hospitali. Watu walikuwa kama hamsini, wauguzi, wapishi, majirani, na waliosalia wa bendi ya zamani. Saa alikaa mstari wa mbele na mkewe, amevaa suti ya kijivu. Mama Subiri alisimama na kipaza sauti, akasema kila wimbo ulikotoka, kisha fundi akaucheza.

Wimbo wa kwanza ulianza kwa kinanda. Dramu zilipoingia, alimtazama kaka yake. Saa alitabasamu, kichwa kikafuata mdundo. Kilifuata kidogo tu, kisha kikasimama. Hakugeuka wala hakumtazama mtu. Aliitazama mikono yake iliyokuwa juu ya magoti, halafu akaiingiza chini ya mapaja, moja huku, moja huku, akaikalia kama mwanafunzi aliyeambiwa asiguse kitu.

Baada ya wimbo wa tatu, mpiga tarumbeta wa bendi ya zamani alishindwa kujizuia. Alisimama akamnyooshea Saa kidole. "Mmesikia dramu hizo? Watu wanazeeka, Saa haijasimama." Ukumbi mzima ukageukia mstari wa mbele, ukapiga makofi. Pale mlangoni, akiwa na gauni la kiraia, alikuwepo Sajini, amealikwa na fundi. Naye alikuwa akipiga makofi, polepole, akimwangalia mzee yule kwa adabu.

Saa aliinuka nusu, akainamisha kichwa. "Asanteni," alisema, akakaa.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Mama Subiri. Kimewashwa. Alihitaji maneno kumi tu. Alisema, "Wimbo wa nne."

Saa alibaki mpaka mwisho. Alikunywa soda yake, akawasalimu watu, akaja kumshika mdogo wake bega. "Hongera," alisema, na safari hii hakusema mdogo wangu.

Simu ya asubuhi haikuja Jumatatu. Haikuja Jumanne. Alhamisi, alipotoka kazini, alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Wifi yake alikuwa anaanika nguo. Alimwitikia salamu, akaendelea kubana shuka, kisha akasema, "Yuko uani. Mimi sina neno na wewe, wifi. Ila ulimwambia hukusikia kitu. Lile limemuuma kuliko dramu."

Saa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, hafanyi lolote. Mama Subiri alibaki amesimama.

"Nilijua kabla ya kiitikio," alisema Saa. "Mimi sijawahi kupiga vile maishani. Yule ana mkono mzuri wa kushoto."

"Kaka, nisamehe. Niliona aibu kukwambia."

"Naelewa. Kwa hiyo aibu ukanipa mimi niibebe, mbele za watu, nimevaa suti."

"Walinipigia makofi nikaitikia," Saa aliendelea, bila kupandisha sauti. "Ningefanyaje? Ningesema si mimi, ningekuumbua. Nikasema asante. Nimeishi miaka sitini na minne sijachukua cha mtu, ukanifanya mwizi nikiwa nimekaa kwenye kiti. Zile zangu zipo?"

"Zipo."

"Nataka kuzisikia."

"Kaka, hakuna haja."

"Nataka kuzisikia."

Jumamosi asubuhi walikwenda studio. Fundi aliwasalimu, akatafuta zilipowekwa, akazicheza, kisha kwa busara zake akakumbuka ana kitu cha kununua nje. Walikaa wawili. Mama Subiri alitamani mafundi tairi wawashe mashine yao. Siku hiyo hawakuiwasha. Saa alifumba macho. Wimbo wa kwanza alikunja uso mahali, wa pili akavuta pumzi. Katikati ya wa tatu alisema, "Zima."

Mama Subiri alizima.

"Hazifai," alisema Saa. "Ulikuwa na haki ya kuzitoa. Ungeniambia siku ile ile, vijiti ningekuwekea mezani mwenyewe. Nimewatoa watu wangapi kwenye bendi kwa kosa dogo kuliko hili? Nilimtoa binamu yetu wa gitaa, mtoto wa mama mkubwa, na nilimwambia usoni. Alinuna mwaka, akaja kula." Aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza. "Aliyepiga nani?"

"Sajini wa bendi ya polisi. Mwanamke."

"Alikuwepo ukumbini?"

"Alikuwepo."

Saa alishika paji la uso. "Na yeye akanipigia makofi. Mwandike. Mimi nitoe."

"Basi nikuache kwenye shukrani tu, kaka, kwamba ndiye uliyenifundisha..."

"Nitoe."

Alimtoa. Majalada yalichapishwa upya, na ya zamani yote akayachana kwa mkono, moja moja, mezani kwake. La kwanza kati ya yale mapya alimpelekea Sajini kambini. Alimkuta anapiga viatu rangi, akamweleza kila kitu amesimama. Sajini aligeuza jalada, akasoma jina lake. "Naona tutaona imeonekana," alisema. Halafu akauliza kama yule mzee ni mzima.

Mambo yangeishia hapo. Lakini aibu ilikuwa bado inamwasha, naye akaitafutia dawa. Kituo kimoja cha redio kilimwalika kipindi cha asubuhi. Mtangazaji alikuwa msichana mchangamfu aliyeipenda albamu kweli. Akauliza, "Na hizi dramu, mama, nani huyu?"

Mama Subiri alimtaja Sajini. Angeweza kunyamaza hapo. Akaendelea. Alisema kwamba kabla ya Sajini alipiga kaka yake mwenyewe, kwamba mikono ya kaka inatetemeka siku hizi, kwamba alimtoa kwa siri akamwachia jina, na kwamba ukumbi ulimpigia makofi ya kazi isiyo yake. Alisimulia yote, mpaka mikono iliyokaliwa. Mtangazaji alifuta machozi hewani. Mama Subiri alitoka kwenye jengo lile mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Mchana, kazini, taa za simu hazikuzimika. Watu walipiga kumpongeza. Mmoja akasema ni mwanamke jasiri, mwingine akasema wangekuwepo wakweli kama yeye kumi nchi ingenyooka. Alikuwa bado anatabasamu taa nyingine ilipowaka.

"Nani alikutuma?" ilikuwa sauti ya kaka yake.

"Kaka..."

"Leo fundi viatu ameniuliza mikono inaendeleaje. Muuza magazeti naye. Mwanamke nisiyemjua amenishikia mlango wa duka. Ugonjwa huu tulikuwa tunaujua mimi, mke wangu na daktari. Wewe ukaotea. Sasa nauzwa pamoja na nyimbo zako."

"Nilitaka kusema ukweli, kaka. Nilitaka kujisafisha."

"Ungesema wako. Wako ni kwamba ulidanganya. Mikono ilikuwa yangu."

Akakata. Mama Subiri alibaki ametazama ubao wa taa, mashavu yanawaka. Alimwambia mtu asubiri kidogo, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili akasahau kumwunganisha. Mwanamke aliyekuwa akimtafuta mama yake wodini alingoja dakika kumi na moja kwenye ukimya, na alipopiga tena hakugomba, alidhani ni kosa lake.

Albamu haikufanya vibaya. Ilipigwa redioni, ikapendwa na watu wa rika lake na baadhi ya watoto wao. Siku moja alipita kwenye korido ya wodi akaisikia inatoka kwenye simu ya mgonjwa, wimbo wa pili, dramu za Sajini zinaingia kama zilivyotakiwa. Mgonjwa alikuwa amefumba macho, ametulia. Mama Subiri aligeuka akarudi alikotoka, akapanda ngazi za upande wa pili, mbali. Aliona kila anayeusikia wimbo ule anasikia pia alichokifanya. Alialikwa kuimba mahali pengine mara tatu, akakubali mara moja, na alipoulizwa kuhusu dramu alisema jina la Sajini na nukta. Hilo alikuwa amejifunza, japo kwa kuchelewa.

Kwa kaka yake alikwenda kila baada ya majuma mawili. Alipokewa, akapewa chai, wakazungumzia mvua na bei ya umeme. Kila alipoanza, "Kaka, mimi bado...", Saa aliinuka kwenda kuangalia kitu ndani. Wifi yake siku moja alimsindikiza mpaka njiani akamwambia, "Unakuja kuomba msamaha kama mtu anayekuja kuchota maji. Kisima kinakauka, wifi. Njoo bure." Aliondoka amejiinamia, kwa sababu hakujua kuja bure kunafanywaje.

Mwezi wa tano, binti wa Saa aliolewa. Mama Subiri ndiye shangazi, alikuwa na kazi zake, lakini za mbali na kaka. Siku yenyewe, mchana, alikuwa ukumbini akipanga viti alipopigiwa simu.

"Uko wapi?" Saa aliuliza.

"Ukumbini."

"Wifi yako amekwenda na binti kwa msusi. Njoo nyumbani mara moja."

Alipofika mlango ulikuwa wazi. Kaka yake alikuwa amesimama katikati ya sebule, suruali ya suti ya kijivu, shati jeupe limevaliwa halijafungwa hata kifungo kimoja, fulana inaonekana. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Nimejaribu nusu saa nzima," alisema.

Mama Subiri aliweka mkoba chini. "Kaka, mimi naomba..."

"Usianze. Samahani zako zinanichosha kuliko mkono. Funga."

Akaanza kutokea chini. Vifungo vilikuwa vidogo, vipya, na matundu yake yamebana. Alipofika tumboni, mkono wa kushoto wa kaka yake uligusa kifundo cha mkono wa mdogo wake ukatetemekea hapo, na Saa hakuuondoa. Mama Subiri hakuinua macho. Aliogopa kwamba akiinua atasema kitu, na kitu hicho kitakuwa cha kujipunguzia yeye. Akaendelea mpaka kifuani.

"Umeruka kimoja," alisema Saa, ametazama dari.

Alitazama. Kweli, upande mmoja ulikuwa umepanda kuliko mwingine. Uso ukamchoma. Akavifungua vyote, akashuka tena chini, akaanza upya. Nje gari la harusi lilipiga honi mara mbili. Saa aliinua kidevu ili mdogo wake afikie kifungo cha shingoni.